Daftari la Ndoa katika Masaza Yetu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wazee wa chama chetu walipoazimia kutoa kijitabu hiki cha ukumbusho, waliniamuru niandike habari moja katika tarikh ya Waislamu wa Uganda. Wenzangu wataeleza habari za misikiti na madrasa. Mimi nimechagua kitu kidogo ambacho watu hawakitazami mpaka siku ya shida, nacho ni daftari la ndoa.

Miaka michache iliyopita alinijia bibi mmoja mtu mzima kutoka saza la mashambani, amefiwa na mumewe. Aliozwa mwaka 1978 kwa walii wake na mashahidi wawili, mahari yakatajwa, na watu wakala karamu. Baadaye mumewe akaoa mke wa pili mjini, na huyo alikuwa na cheti mkononi. Mume alipofariki, baadhi ya jamaa wakasema kwamba yule wa shamba alikwisha kuachwa zamani, na wengine wakasema hakuolewa kamwe. Bibi yule akaniuliza, "Sheikh wangu, ikiwa sikuwa na mume, mimi nimekaa eda ya nani?" Sikuwa na jawabu la kumpa ila kuondoka pamoja naye kwenda kutafuta. Kabla ya kueleza tulichokipata, yafaa msomaji ajue madaftari haya yalianzaje na kwa nini ni shida kuyapata.

Dini yetu ilifika katika baraza la Kabaka Suna mwaka 1844 kwa mkono wa mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, na katika zama za Kabaka Mutesa wa Kwanza ikaenea. Kisha mwaka 1891 Lugard akaleta askari wa Kisudani, ambao kizazi chao ni ndugu zetu Wanubi. Katika zama zile ndoa haikuandikwa. Walii akaoza, mume akakubali, mashahidi wakasikia, na kijiji kizima kikajua. Watu walikaa pahali pamoja, na aliyetaka kujua fulani ni mke wa nani aliuliza kwa jirani. Ushahidi wa ndoa ulikuwa vifuani mwa watu, na kwa maisha yale ulitosha.

Mambo yakageuka serikali ya Kiingereza ilipoingia. Mapatano ya mwaka 1900 yaliigawa Buganda katika masaza 20, na saza la Butambala, ambalo mkuu wake huitwa Katambala, ndilo lililojulikana kuwa la Waislamu. Baada ya hapo zikaja sheria mbili ambazo watu huzichanganya mpaka leo. Ya kwanza ni sheria ya ndoa ya mwaka 1904. Anayetaka kuoa mbele ya msajili wa serikali kwa sheria hii hana budi kutoa taarifa kwanza. Taarifa hiyo hubandikwa kwa siku 21, ili mwenye pingamizi aseme, ndipo apewe idhini ya kuoa. Ya pili ni sheria ya mwaka 1906 inayohusu ndoa na talaka za Waislamu. Hii haikutuamuru kuomba idhini kabla ya nikaha. Ilisema kwamba ndoa iliyofungwa kwa taratibu za dini yetu ni sahihi, ila ipelekwe kwa msajili na kuandikwa katika muda wa mwezi mmoja. Na talaka vilevile.

Tazama basi tofauti yake. Wengine huanza kwa karatasi, kisha wakaoana. Sisi tunaanza kwa nikaha, kisha ndiyo karatasi. Na kwa kuwa sheria hiyo hiyo yasema kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu haikuandikwa, wengi wetu tulifahamu kwamba kuandika si lazima, tukaacha. Hapo ndipo tulipokosea. Daftari halifungi ndoa wala haliivunji. Kazi yake ni kushuhudia siku ambayo mashahidi wote wamekwisha kufa.

Nitakuwa si mwadilifu nikiwalaumu wazee peke yao. Ofisi ya wilaya ilikuwa mbali, na mtu wa shamba hakuweza kuacha kahawa yake siku mbili kwa ajili ya kuandikisha jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalijua. Zaidi ya hayo, baada ya kufariki Mwana wa Mfalme Nuhu Mbogo mwaka 1921, Waislamu walikhitilafiana juu ya kusali adhuhuri baada ya sala ya Ijumaa. Wakagawanyika, na kila upande ukawa na masheikh wake, na kila sheikh akaandika ndoa alizozifungisha katika daftari lake mwenyewe. Mwaka 1972 liliundwa Baraza Kuu la Waislamu ili kutukusanya chini ya paa moja, lakini madaftari ya zamani yalibaki yalipokuwa. Kisha vikaja vita vya 1979, na vita vya Luwero tangu 1981 hata 1986. Watu walikimbia makwao. Imamu anayekimbia usiku huchukua watoto wake, hachukui daftari.

Kwa sababu hizo anayetafuta habari za ndoa katika masaza yetu lazima awe na subira na aende kwa mpango. Kwanza, na aulize msikiti uliofungisha nikaha, wala si msikiti ulio karibu na nyumba yake ya sasa. Ikiwa imamu amefariki, aulize kwa watoto wake na wajane wake. Pili, na aende kwa sheikh wa saza, na kwa kadhi wa wilaya. Tatu, na aulize katika ofisi ya taifa ya usajili iliyoko Kampala, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Ndoa zilizofikishwa kwa serikali huulizwa huko. Asiende kuitafuta ndoa ya nikaha katika daftari la ndoa za kimila lililoko gombolola, kwani hilo lilianzishwa kwa sheria nyingine, ya mwaka 1973.

Na ajihadhari na mambo matatu yanayopoteza watu njia. La kwanza ni jina. Mtu aliyeandikwa kwa jina la baba yake huenda leo anajulikana kwa jina la ukoo au la mwanawe wa kwanza. La pili ni tarehe, kwani masheikh wengi waliandika kwa mwaka wa Hijra, na mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku kumi au kumi na moja. La tatu ni mipaka. Butambala ilikuwa ndani ya wilaya ya Mpigi, ikawa wilaya peke yake mwaka 2010. Basi anayetafuta habari za kabla ya hapo asisahau kuuliza na Mpigi.

Sasa narejea kwa yule bibi. Mjane wa imamu alitutolea sanduku la bati, na daftari lilikuwamo. Lakini mchwa walikwisha kulitangulia. Katika ukurasa wa mwaka ule lilibaki nusu ya jina la mume na kiasi cha mahari. Jina la mke halikuwapo. Tukatafuta mashahidi, tukaambiwa mmoja amekufa. Wa pili tulimpata, mzee asiyeona, naye akaeleza nikaha ile tangu mwanzo, na mahari aliyoyataja yakawa sawasawa na yale ya daftari. Wazee wa ukoo wakakubali. Kwa kuwa marehemu aliacha watoto, wake wawili wakagawana thumuni kwa usawa, na yule wa mjini, Mungu amjazi kheri, hakupinga. Lakini shauri lilichukua zaidi ya mwaka, na katika muda huo kipande cha shamba la kahawa kilikwisha kuuzwa, wala hakikurudi. Na mzee yule shahidi alifariki kabla ya Ramadhani iliyofuata. Lau bibi angalichelewa kidogo tu, angalitoka katika nyumba yake mikono mitupu.

Enyi ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuandike deni, na aya hiyo ya Suratul-Baqara, ya 282, ndiyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani. Mahari yaliyobaki ni deni, na haki ya mjane ni amana. Basi imamu asifungishe nikaha bila kuandika majina kamili ya mume, mke, walii na mashahidi, na mahari, na tarehe zote mbili, na ahakikishe kwamba wote wawili wametimiza miaka 18, kama Katiba ya mwaka 1995 inavyotaka. Na aandike nakala tatu: moja ya wenyewe, moja ya msikiti, na moja ya kupelekwa kwa msajili kabla mwezi haujapita. Talaka nayo iandikwe hivyo hivyo, kwani uongo aliozuliwa yule bibi ulipata nafasi kwa sababu hapakuwa na daftari la kuukanusha.

Na wewe mwenye daftari la marehemu baba yako ndani ya sanduku, litoe leo ulipeleke kwa sheikh wa saza lako likanakiliwe. Hujui ni bibi wa nani anayelingoja.

Wabillahi tawfiq.