Kutoka Bukoba hadi Muhimbili: Fedha za UKIMWI na Ujenzi wa Hospitali Zetu

Mwaka 1983 mkoani Kagera waliripotiwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania. Ilipofika 1986 hapakuwa na mkoa wa Bara usio na mgonjwa. Mwaka uliofuata Dk. Japhet Killewo na wenzake waliwapima watu wazima wa Bukoba mjini, wakakuta karibu mmoja katika kila wanne ana virusi.

Hospitali zilizoupokea msiba huo zilikuwa hoi kabla haujafika. Vita vya Kagera vilikuwa vimeikausha hazina, bei za mazao zilikuwa zimeshuka, na masharti ya wakopeshaji yaliyofuata yakaibana serikali hadi kwenye mishahara. Katika miaka ya 1990 ajira mpya serikalini zilisimamishwa. Muuguzi akistaafu, nafasi yake ilibaki wazi. Ndugu wa mgonjwa walitumwa mjini kununua glovu na nyuzi za kushonea. Naligusia hili kwa makusudi, kwa sababu historia ya fedha za UKIMWI husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza siku wafadhili waliposhuka uwanja wa ndege.

Dawa mseto zilizoweza kumrejeshea mgonjwa nguvu zilianza kutumika nchi tajiri mwaka 1996, kwa gharama ya zaidi ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mwishoni mwa 1999 Rais Benjamin Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, na mwaka 2001 ikaundwa Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS). Februari mwaka huo huo Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India alitangaza kuuza dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Miezi miwili baadaye, mjini Abuja, Kofi Annan aliwataka wakuu wa nchi waunge mkono mfuko mpya wa kimataifa, na Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ukaanza kazi 2002. Januari 2003 Rais George W. Bush wa Marekani akaomba dola bilioni 15 za kupambana na UKIMWI kwa miaka mitano. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolengwa. Serikali, ikisaidiwa na Taasisi ya Clinton, ikaandika mpango wa kuwapa tiba watu 400,000 ndani ya miaka mitano, na Oktoba 2004 dawa za bure zikaanza kutolewa.

Kuwa na dawa ilikuwa sehemu rahisi. Kliniki zetu zilizoea mgonjwa wa malaria: anakuja na homa, anapimwa, anapewa vidonge, anakwenda zake. Mwenye kisukari au shinikizo la damu alibeba kumbukumbu zake kwenye daftari la shule alilolinunua mwenyewe. Asiporudi, hakuna aliyejua. Anayetumia dawa za UKIMWI, yaani ARV, hurudi maisha yake yote, na akikatiza dawa virusi huweza kujenga usugu. Ndipo zikaanzishwa kliniki za tiba na matunzo, ambazo kila mtu sasa anaziita CTC. Mgonjwa alipewa kadi ya CTC1 akae nayo. Ile ya CTC2 ikabaki kituoni. Kila hudhurio lilijazwa kwa mpangilio mmoja: tarehe, uzito, dawa alizopewa, siku ya kurudi. Siku hiyo ikipita bila kumwona, jina lake lilitolewa na mtu akatumwa kumtafuta. Kwa maoni yangu kadi hizi ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyoletwa na fedha zile. Zilivizoeza vituo vya afya kumfuatilia mtu kwa miaka, kazi ambayo hadi hapo ilijulikana zaidi kwenye mpango wa kifua kikuu na ukoma ulioanzishwa 1977.

Damu nayo ina kisa chake. Zamani kila hospitali ilijitafutia: mama akitokwa damu wakati wa kujifungua, mume na shemeji ndio waliotoa mkono, na upimaji ulitegemea kama vitendanishi vipo siku hiyo. Kwa kuwa damu isiyopimwa ilikuwa njia ya kuambukiza virusi vya UKIMWI (VVU), fedha za Marekani za UKIMWI zilisaidia kuanzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama, wenye vituo vya kanda Dar es Salaam, Mwanza, Moshi, Mbeya, Tabora na Mtwara. Damu ikaanza kukusanywa kwa watu wanaojitolea, wanafunzi wa sekondari wakiwa wengi, na kupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende kabla ya kutumika. Walionufaika ni akina mama wazazi, watoto wenye upungufu wa damu kwa sababu ya malaria, na majeruhi wa ajali za barabarani, wengi wao wasio na VVU kabisa.

Maabara zilifuata njia hiyo hiyo. Mfuko wa hisani wa kampuni ya Abbott uliingia nchini kwa ajili ya UKIMWI, ukajikuta unakarabati maabara 23 za ngazi ya mkoa, kwa sababu huwezi kumpima mgonjwa kinga katika chumba kisicho na umeme wa uhakika wala maji. Pale Hospitali ya Taifa Muhimbili mfuko huo ulijenga maabara kuu na jengo la wagonjwa wa nje, na mwaka 2010 ikafunguliwa idara ya tiba ya dharura, ya kwanza ya aina yake nchini. Madaktari bingwa wa dharura wakaanza kusomeshwa hapo hapo.

Lakini fedha zilikuja na mipaka yake. Watekelezaji wa miradi ya Kimarekani waligawana mikoa: Chuo Kikuu cha Columbia kikashika Kagera, Harvard Dar es Salaam, taasisi ya kijeshi ya Walter Reed Mbeya. Kila mmoja alikuwa na taarifa zake za kujaza. Jengo la CTC lilipakwa rangi na kuwekewa kompyuta, huku wodi ya wazazi ya jirani ikikosa glovu. Waganga na wauguzi hodari walivutwa na mishahara ya miradi. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa 2006, ilijaribu kugeuza mkondo huo kwa kuwaajiri madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara kwa mikataba na kuwapeleka wilaya za pembezoni, chini ya halmashauri. Ilikuwa hatua nzuri, ingawa mshahara bado ulitoka nje.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Julai, shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Walioambiwa waache kazi walikuwa watu wa mikataba ya miradi: waingiza takwimu, washauri nasaha, wahudumu wanaowatafuta waliopotea kwenye tiba. Muuguzi mwajiriwa wa halmashauri aliendelea kugawa dawa, akiwa peke yake mbele ya foleni. Juni mwaka huo, bajeti ya 2025/26 ilipendekeza tozo mpya kwenye bidhaa kadhaa, mapato yake yagawanywe kati ya mapambano dhidi ya UKIMWI na bima ya afya kwa wote.