Usimamizi wa rasilimali za wafanyakazi wa ndege

Usimamizi wa rasilimali za wafanyakazi wa ndege (hufupishwa CRM kutokana na jina lake la Kiingereza) ni mafunzo yanayowafundisha marubani na wenzao kuongoza, kusikilizana, kugawana majukumu na kuonyana kabla kosa halijawa ajali. Neno "rasilimali" hapa halimaanishi fedha. Ni kila kitu ambacho kapteni anaweza kukitumia ili ndege ifike salama: vifaa, taratibu zilizoandikwa, muda, mafuta, waongoza ndege walio ardhini na, zaidi ya yote, ujuzi wa watu alio nao ndani ya ndege.

Mafunzo hayo yalianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya wachunguzi kubaini kwamba ndege zilikuwa zikianguka mikononi mwa marubani wenye uzoefu mkubwa, huku mtu mwingine ndani ya chumba cha rubani akijua au akishuku kwamba mambo si sawa. Leo ni sehemu ya mafunzo ya lazima ya marubani wa mashirika ya ndege karibu kote duniani.

Ajali ya Tenerife

Tarehe 27 Machi 1977 bomu lililipuka katika uwanja wa ndege wa Gran Canaria, kwenye Visiwa vya Kanari vya Hispania. Ndege zilizokuwa zikienda huko zilielekezwa kwenye uwanja mdogo wa Los Rodeos katika kisiwa jirani cha Tenerife. Miongoni mwake zilikuwa Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani. Uwanja ulijaa kiasi kwamba ndege zililazimika kutembea juu ya njia ileile ya kurukia ili kufika mwanzo wake. Kisha ukungu ukatanda. Mnara haukuziona ndege, ndege hazikuonana, na uwanja haukuwa na rada ya ardhini.

Kapteni wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa kiongozi wa mafunzo ya marubani wa 747 katika shirika lake, na picha yake ilitumika katika matangazo ya shirika hilo. Alikuwa na haraka, kwa sababu sheria za Uholanzi kuhusu saa za kazi zilikuwa karibu kumzuia kuruka jioni ile. Alipoanza kuongeza nguvu za injini, rubani msaidizi alimkumbusha kwamba hawajapata kibali. Kapteni alikubali, akamwambia akiombe. Mnara ulitoa maelezo ya njia ya kufuata baada ya kupaa, ambayo hayakuwa ruhusa ya kuruka. Msaidizi alipokuwa bado anayarudia redioni, kapteni aliiachia ndege iende. Msaidizi, ambaye alikuwa ameshamsahihisha mkubwa wake mara moja, hakumsimamisha tena.

Sekunde chache baadaye mhandisi wa ndege alisikia redioni maneno yaliyoonyesha kwamba Pan Am bado haijatoka njiani. Akauliza kama ndege ile imeshaondoka. Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba imeondoka, na mhandisi akanyamaza. Watu 583 walikufa. Waliookoka walikuwa 61, wote wa ndege ya Pan Am.

Ukungu, mawimbi ya redio yaliyogongana na lugha isiyo sanifu kati ya ndege na mnara vilichangia pia, kwa hiyo si haki kuieleza ajali nzima kwa ukaidi wa mtu mmoja. Hata hivyo swali la mhandisi ndilo lililobaki vichwani mwa watu wa usafiri wa anga. Aliuliza swali sahihi, kwa wakati ambao bado ulikuwa na thamani, lakini halikubadilisha chochote.

Portland na mkutano wa 1979

Tarehe 28 Desemba 1978 ndege ya DC-8 ya United Airlines, safari namba 173, ilikaribia Portland katika jimbo la Oregon. Magurudumu yalipoteremshwa kulisikika mshindo usio wa kawaida, na taa ya kuthibitisha kwamba yamejifunga vizuri haikuwaka. Kapteni aliizungusha ndege karibu na mji kwa takriban saa moja akishughulikia tatizo hilo na kuwaandaa abiria. Wenzake walitaja kiasi cha mafuta zaidi ya mara moja, lakini waliitaja kama taarifa ya kawaida tu. Hakuna aliyesema wazi kwamba wasipotua mara moja wataanguka. Injini zilizimika moja baada ya nyingine, na ndege ikaanguka katika kitongoji cha makazi. Kati ya watu 189 walikufa 10. Idadi ilikuwa ndogo kwa sehemu kwa sababu hapakuwa na mafuta ya kuwaka.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani (NTSB) iligawa lawama kwa namna ambayo haikuwa ya kawaida wakati huo. Ilisema kapteni hakufuatilia mafuta wala kuitikia maonyo ya wenzake, lakini ikaongeza kwamba wenzake nao ama hawakuelewa uzito wa hali ama hawakufaulu kuufikisha. Ikapendekeza makapteni wafundishwe uongozi wa kushirikisha, na wasaidizi wafundishwe kusema kwa uthabiti.

Mwezi Juni 1979 shirika la NASA liliitisha mkutano wa watafiti na mashirika ya ndege mjini San Francisco. Mwanasaikolojia John Lauber ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa istilahi yenyewe, ambayo mwanzoni ilihusu chumba cha rubani peke yake. Mwaka 1981 United Airlines ilianzisha programu kamili, ikisaidiwa na Robert Blake na Jane Mouton, wataalamu wa mafunzo ya mameneja. Hao walikuwa wamejulikana tangu miaka ya 1960 kwa jedwali lao linalompima kiongozi kwa mambo mawili: anavyojali kazi na anavyojali watu, kila moja kuanzia 1 hadi 9. Kwa hiyo mafunzo ya kwanza ya marubani yalifanana sana na semina za wakuu wa kampuni. Wapo marubani waliochukizwa, wakaona wanapelekwa kusomeshwa adabu badala ya urukaji. Robert Helmreich wa Chuo Kikuu cha Texas, aliyeyachunguza mafunzo haya kwa miaka mingi, alikuta kwamba wengi waliyapokea vizuri, ila kundi dogo lilirudi likiwa na msimamo mkali zaidi dhidi yake kuliko lilivyokwenda.

Yanayofundishwa

Upande wa kapteni, jambo la kwanza ni kikao kifupi kabla ya safari. Hapo hasomi taratibu tu, bali pia anawaambia wenzake waziwazi kwamba wakiona kosa walitaje. Dakika hizo chache huamua mengi, kwa kuwa mara nyingi marubani wa shirika kubwa hukutana kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo. Dharura ikitokea, kapteni hutakiwa kuamua mapema nani anaishika ndege na nani anashughulikia tatizo, ili wasiinamie wote taa moja iliyoungua. Mamlaka yake hayapungui. Uamuzi wa mwisho ni wake, na mafunzo haya hayaugeuzi kuwa kura.

Upande wa msaidizi hufundishwa ngazi za kusema. Watu wanaomwogopa mkubwa hupunguza makali ya maneno mpaka onyo linakuwa dokezo, na mwenye shughuli nyingi hasikii dokezo. Kwa hiyo msaidizi hujifunza kumwita kapteni, kusema kwamba ana wasiwasi, kutaja tatizo, kupendekeza hatua na kudai jibu. Kwa mfano: "Kapteni, nina wasiwasi na mafuta. Yaliyobaki hayatufikishi dakika kumi na tano. Napendekeza tutue sasa. Unakubali?" Asipojibiwa hurudia kwa nguvu zaidi, na ikiwa hatari iko mlangoni anaruhusiwa kuishika ndege mwenyewe.

Hayo yote hayajifunzwi kwa mihadhara. Marubani hukaa katika mtambo wa kuigiza urukaji, wakapewa safari nzima yenye matatizo yanayojitokeza njiani, na mwalimu haingilii kati hata wakikosea. Mwishoni hutazama walivyofanya na kujadiliana wenyewe kwa wenyewe, mwalimu akiwa zaidi mwulizaji kuliko hakimu.

Sioux City

Mfano unaotajwa zaidi wa mafanikio ni safari namba 232 ya United Airlines, tarehe 19 Julai 1989. Injini ya mkiani ya ndege ya DC-10 ilipasuka, na vipande vyake vikakata mifumo yote mitatu ya haidroliki, hivyo usukani ukawa haufanyi kazi. Kwa hali hiyo hapakuwa na utaratibu ulioandikwa. Kapteni Al Haynes aliomba mawazo ya kila aliyekuwepo. Alimkaribisha pia Dennis Fitch, mkufunzi wa marubani wa DC-10 aliyekuwa akisafiri kama abiria, naye akaielekeza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki. Ilianguka ikijaribu kutua Sioux City, Iowa. Kati ya watu 296 waliokoka 184. Baadaye Haynes alieleza mara nyingi kwamba peke yake asingeweza, na kwamba mafunzo haya ndiyo yaliyomzoesha kuwauliza wenzake.

Mwaka huohuo, tarehe 8 Januari, Boeing 737 ya British Midland ilianguka karibu na Kegworth, Uingereza, baada ya marubani kuzima injini nzima ya kulia badala ya iliyoharibika ya kushoto. Abiria na wahudumu kadhaa walikuwa wameona moto upande wa kushoto, lakini habari hiyo haikufika mbele. Watu 47 walikufa. Ajali za namna hii ziliharakisha kuwaingiza wahudumu wa abiria katika mafunzo yaleyale.

Suala la utamaduni

Baada ya ndege ya Korean Air kugonga kilima huko Guam tarehe 6 Agosti 1997 na kuua watu 228, wengi walilaumu desturi ya Kikorea ya kumheshimu mkubwa. NTSB ilitaja maandalizi duni ya kapteni na wenzake kushindwa kumkagua. Maelezo ya utamaduni yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi: ndege ya Tenerife ilikuwa ya Waholanzi, watu wasiosifika kwa kuwanyenyekea wakubwa.

Afrika Mashariki inaguswa na ajali ya Kenya Airways, safari namba 507, iliyopaa usiku kutoka Douala, Kamerun, kuelekea Nairobi tarehe 5 Mei 2007. Kapteni alitamka kwamba mtambo wa kujiendesha uwashwe, lakini haukuwashwa na hakuna aliyethibitisha. Ndege ikaanza kuinama kulia polepole gizani. Watu wote 114 walikufa. Ripoti ya Kamerun ya mwaka 2010 ilitaja marubani kupotewa na mwelekeo, na ukosefu wa uratibu kati yao kama sababu iliyochangia. Kwa Waswahili, ambao mdogo hufundishwa tangu utotoni kutomkatiza mkubwa maneno, somo hili si la mbali. Adabu inaweza kubaki, mradi isizuie onyo.

Katika upasuaji

Hospitali ziliona upesi kwamba daktari mpasuaji na muuguzi wake wanafanana na kapteni na msaidizi. Orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilijaribiwa kuanzia mwaka 2007 katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliye chumbani hutaja jina na kazi yake. Hilo huonekana dogo, lakini aliyekwisha kutoa sauti mara moja huona wepesi kuitoa tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo katika hospitali hizo kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Matokeo hayo hayakurudiwa kila mahali. Katika jimbo la Ontario, Kanada, orodha ilipoanza kutumika kwenye hospitali 101, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 haukukuta upungufu wa maana wa vifo. Wachambuzi kadhaa walisema kwamba kujaza fomu ni jambo moja, na kuifanya timu izungumze ni jambo jingine linalohitaji mafunzo na muda.