Munkoyo, bia na lutuku: nani anakunywa, nani anakufa?

Tukisema juu ya desturi za wazee wetu wa Katanga, hatuwezi kuacha pombe pembeni. Hakuna ndoa, hakuna kilio, hakuna kazi ya shamba ya pamoja bila chombo kupita mkono kwa mkono. Lakini historia ya pombe kwetu si ya furaha tu. Iko pia historia ya wakubwa na wadogo, na ya nani anazikwa mapema.

Tuanze na munkoyo. Mama alipika uji wa unga wa mahindi, akatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, akauacha ulale. Ikiwa ingali mpya, hata watoto walikunywa, sababu ni tamu na hailevyi. Siku zikiongezeka inachacha na kupata nguvu. Katubi ilikuwa na nguvu zaidi, lakini iliomba nafaka nyingi na siku nyingi. Basi mavuno yenyewe yalitia mpaka: ghala ikiwa tupu, hakuna kulewa.

Kiisha wakaja Wabelgiji. Union Minière ilianzishwa 1906, na mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, 1910. Mapatano ya Brussels ya 1890, na ya Saint-Germain-en-Laye ya 1919, yalifunga njia ya pombe kali kwa Waafrika. Walisema ni kwa kutulinda. Lakini Mzungu aliendelea kunywa whisky yake barazani, na kwa mtu mweusi kitu kile kile kilikuwa kosa, mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni. Bia ya kiwanda, iliyoanza kutengenezwa hapa mjini katika miaka ya 1920, haikufungwa hivyo. Mfanyakazi alipokea mshahara, na sehemu yake ikarudi kwa matajiri kwa njia ya chupa.

Na yule asiyeweza kununua chupa? Huyo alibaki na lutuku. Bamama walichachusha mahindi na muhogo, wakachemsha katika pipa, mvuke ukapita katika bomba lililozwa na maji, ukatoka matone. Kazi ya usiku, mbali na polisi. Na kitu cha kufichwa hakina mtu wa kukichunguza: pipa lilibeba nini zamani, bomba ni la metali gani, ni nini kimeongezwa ndani. Lakini tusisahau: pesa ya lutuku ndiyo ililipa masomo ya watoto wengi, na kati yao wamo wanaosoma kitabu hiki.

Katika 1967 kampuni ikawa ya serikali, ile tunaita Gécamines. Mfanyakazi alikuwa na nyumba, unga, shule, na hospitali bila kulipa. Akiugua ini ao kifua kikuu, munganga alimwona mapema. Lakini 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, 1991 uporaji ukapita, mishahara ikakosekana miezi na miezi. Kutoka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliachishwa katika ile « départ volontaire ». Wengi walipoteza kazi na munganga kwa mara moja. Bia ikawa ya siku ya sikukuu. Lutuku ikawa ya kila siku.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba pombe iliua watu karibu milioni 2,6 katika dunia nzima mwaka 2019. Linasema tena jambo la kushangaza: watu wa inchi maskini wanakunywa kidogo kuliko wa inchi tajiri, lakini kwa kila lita moja, wao ndio wanakufa zaidi. Juu ya nini? Ini la tajiri na la maskini ni moja. Lakini tajiri anakunywa akiwa amekula, anarudishwa nyumbani na dereva, na akiumwa anapimwa. Maskini anakunywa tumbo tupu, anarudi kwa miguu gizani, na anafika hospitali siku ya mwisho. Hata huko, tumeona wagonjwa wakizuiliwa sababu ya deni.

Kwa hiyo tusipige kelele tu juu ya « walevi ». Wakoloni walikataza, na lutuku ikaingia gizani. Kumwaga pipa la mama mjane hakumpi chakula. Wazee walitia mpaka kwa mavuno; mpaka wetu leo utakuwa kazi yenye mshahara, na munganga anayepatikana hata kwa asiye na kitu.