Karo Ilifutwa, Sodo Je?

Mwaka 2005 Serikali ya Burundi ilifuta karo katika shule za msingi. Madarasa yalifurika watoto, nasi walimu wa Bujumbura tukadhani kikwazo kikuu kimeondoka. Kumbe msichana aliyevunja ungo aliendelea kulipa kila mwezi: ama bei ya sodo, ama siku za masomo.

Historia ya jirani zetu yatufunza. Kenya ilifuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, na mwaka 2004 ikaondoa kodi juu ya sodo. Lakini kitu kisichotozwa kodi bado chauzwa, na asiye na fedha hakipati. Ndipo mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi iliporekebishwa, ikailazimu Serikali kumpa sodo bure kila msichana aliyebaleghe katika shule za umma, na kuweka njia salama ya kuzitupa.

Nchini mwetu, kambini Bwagiriza, upande wa mashariki, Msalaba Mwekundu ulifanya jaribio mwaka 2012: wanawake na wasichana wakimbizi kutoka Kongo waligawiwa sodo, chupi, sabuni na ndoo. Ndoo hiyo ina maana kubwa, kwani sodo ya kufuliwa yataka maji na faragha.

Walimu wenzetu, sheria haimo mikononi mwetu, ila lugha imo. Neno "hedhi" ni Kiswahili sanifu. Tulitamkapo darasani bila kunong'ona, msichana hujua pa kuuliza kabla hajaamua kubaki nyumbani.