Wanda wa Rubani, Mili ya Mlenga Shabaha

Nyosha mkono mpaka kiwiko kikaze, fumba jicho moja, simamisha kidole. Mabaharia Waarabu wa Bahari ya Hindi walipima anga kwa upana wa kidole, ule tunaouita wanda, wakauita isba. Kwa hesabu yao duara zima lilikuwa na isba 224, hivyo isba moja ni kama nyuzi 1.6. Wanajeshi wa leo nao hufundishwa kwamba kidole cha mkono ulionyooshwa hufunika takribani mili 30. Geuza isba iwe mili, utapata 28. Hawa hawakusoma chuo kimoja. Walikuwa na mkono wa namna moja tu.

Mili ni sehemu moja ya elfu: kitu chenye urefu wa mita 1 kikiwa mita 1,000 mbele yako, huchukua mili 1 machoni. Ndani ya darubini ya bunduki huwekwa nukta au vistari, kila kimoja mili moja kutoka mwenzake. Mwindaji akimkadiria pofu dume kuwa na mita 1.6 begani, na mnyama akajaza mili 4, huzidisha 1.6 kwa 1,000, akagawa kwa 4: mita 400. Wasovieti waliona hesabu hiyo ni mzigo kwa askari. Darubini ya PSO-1, ya bunduki ya Dragunov iliyopokewa jeshini mwaka 1963, ina mstari uliopinda unaomchukulia mtu kuwa na mita 1.7. Miguu ikikaa chini, kichwa kikagusa mpindo, namba husomwa papo hapo: 4 ni mita 400.

Lakini yule pofu akiwa jike wa mita 1.4? Hizo mili 4 ni mita 350, na risasi iliyoinuliwa kwa ajili ya mita 400 itapita juu ya pale ulipokusudia. Darubini haikukosea hata chembe. Umekosea wewe, kabla hujaiinua.

Rubani (neno hili lilikuwa la chomboni kabla halijapanda ndege) hakuwa na shida hiyo. Hakuhitaji kujua ukubwa wala umbali wa nyota. Kifaa chake, kamal, kilikuwa kibao kidogo chenye uzi uliopita katikati. Aliuma uzi kwenye fundo, akakisukuma kibao mbele mpaka uzi ukaze, ukingo wa chini ukilala juu ya upeo wa bahari. Nyota ya kaskazini, Jah, ikigusa ukingo wa juu, basi chombo kipo sambamba na bandari ya fundo lile. Kilichobaki ni kugeuza tanga mashariki au magharibi. Tatizo lake lilikuwa jingine: kuelekea pwani yetu Jah huzidi kuzama, na kusini ya Ikweta haifai tena. Ahmad ibn Majid, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 15, anaeleza jinsi ya kushika nyota nyingine mahali pake. Mlenga shabaha hukadiria kitu, rubani huchagua nyota; kwangu mimi kazi ya pili ndiyo ya uaminifu zaidi.

Kinachonivutia kuliko vyote ni ule uzi. Kibao ni kilekile, ila kikisogea karibu na jicho hufunika anga kubwa zaidi, na rubani aliishi kwa badiliko hilo. Darubini nyingi za uwindaji zenye pete ya kukuza hufanya vivyo hivyo bila kuombwa: picha hukua na kupungua, vistari vikabaki vilevile, na mili huwa ya kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, tuseme mara 10. Rubani alijua yuko fundo gani kwa sababu lilikuwa katikati ya meno yake. Mwindaji aliyesahau pete kwenye 5 atamwona pofu wake akijaza nafasi 2 badala ya 4, naye atapiga kana kwamba yuko mita 800.