Chozi wa Uluguru

Wahenga walinena: asiyekuwepo na lake halipo. Tumezoea kuusikia msemo huu kwenye vikao vya mirathi, pale shamba linapogawanywa na mwenzetu mmoja yuko mbali. Leo, ndugu msomaji, nataka tuupime kwa ndege mdogo ambaye hafikii hata uzito wa betri ya redio.

Ndege mwenyewe ni chozi. Wa mjini unamjua: ana mdomo mwembamba uliopinda na hafungi safari bila kupitia maua ya uani kufyonza asali. Lakini machozi wako wa aina nyingi, na huyu ninayemzungumzia mjini haji. Anaishi kwenye milima ya Uluguru tu, juu ya Morogoro, na dunia nzima hana kwao pengine. Makazi yake ni kule juu, msituni, ambako ukungu hushuka mchana kweupe na magogo hayakauki. Dume ana kichwa na koo la kijani inayometameta, kifua rangi ya chungwa lililoiva, na tumbo la manjano. Jike amevaa nguo za kazi: rangi yake ni kijani iliyofifia, basi.

Sasa fungua kitabu cha ndege. Utakuta ameandikwa chozi wa Loveridge. Loveridge ndiye nani?

Arthur Loveridge alikuwa Mwingereza aliyefika Nairobi mwaka 1914 kufanya kazi kwenye makumbusho. Haukupita muda vita kuu ikalipuka, akaingia jeshini. Waingereza wakavuka mpaka kuja huku kwa Mjerumani, na Agosti 1916 wakaiteka Morogoro. Bwana yule hata vitani hakuacha kukusanya mijusi, nyoka na vyura. Vita ilipokwisha akaajiriwa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, hadi mwaka 1924 alipohamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Mwaka 1922 Ernst Hartert, Mjerumani aliyetunza ndege katika makumbusho ya tajiri Rothschild huko Tring, Uingereza, akaandika maelezo ya chozi wa Uluguru na kumpa jina la Loveridge. Hebu hesabu mwenyewe: ndege wa Morogoro, mwandishi Mjerumani, makumbusho ya Uingereza, jina la Mwingereza. Mluguru yuko wapi hapo?

Na si huyo tu. Mwaka 1899 chozi mwingine wa nchi hii alipewa jina la Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani. Mwaka 1933 mwingine akapewa jina la Reginald Moreau, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Moreau naye, mwaka 1938, akampa ndege mmoja wa Uluguru jina la mkewe, Winifred. Mapenzi hayo, mimi sina ugomvi nayo.

Kanuni yao ni rahisi. Jina halitolewi na aliyemwona ndege kwanza. Hutolewa na yule anayechapisha maelezo yake kwanza. Kijana mwenzangu unayeota kuwa mwandishi, isome sentensi hiyo mara mbili.

Maana Uluguru haikuwa pori lisilo na watu. Koo za Waluguru zilikuwa na ardhi yao, iliyorithiwa kwa upande wa mama. Kulikuwa na Kolelo, mzimu wa pangoni, ambaye habari zake zilivuma hata wakati wa Maji Maji mwaka 1905. Na mwaka 1955 wenyeji walipochoka kulazimishwa na wakoloni kuchimba matuta ya ngazi, ghasia zikazuka Matombo na mpango mzima ukafa. Watu walioweza kuiangusha amri ya serikali hawakuwa vipofu wa kutoona ndege anayeng'aa hivyo. Walimwona tangu babu na babu. Ila hawakuchapisha.

Yupo mmoja aliyeponyoka. Jali Makawa, Mmalawi, alimkusanyia ndege Mzungu aitwaye Benson kwa miaka mingi. Ndege mdogo aliyepatikana Zambia mwaka 1964 alitangazwa mwaka uliofuata kwa jina la kisayansi *Pogoniulus makawai*. Kumbe iliwezekana! Lakini hata hapo kalamu ilikuwa mkononi mwa tajiri wake.

Utaniuliza, jina lina faida gani kwa mtu wa Kariakoo? Sikiliza. Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam, huanzia kwenye milima ile. Msitu unaomlisha chozi ndio unaotunza maji yetu. Umeliwa pembeni kwa mashamba na moto, na mwaka 2008 ukatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Kitu usichojua hata jina lake, kikipotea utakililia vipi?

Jina la Loveridge halifutiki, na mimi sidai lifutwe. Ninachodai ni daftari la pili. Wazee wa Kinole, wa Bunduki, wa Matombo bado wapo, na wanajua ndege wao waliwaita nani. Nauli ya kwenda Morogoro si ya kwenda London. Nenda na kalamu, uulize, uandike, uchapishe. Ukichelewa, wazee wataondoka na majina yao, na chozi atabaki wa Loveridge peke yake.