Nani aliubana msitu wa Meru?

Ukisimama Makumira, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, Mlima Meru unakuonyesha kijani cha namna tatu. Huku chini ni migomba na kahawa chini ya migrevilea. Juu yake ni misindano iliyopandwa kwa mistari. Juu zaidi ndiko uliko msitu wa asili, wenye mitarakwa na mizeituni pori, na baadaye mianzi.

Lawama za ukataji miti humwangukia mkulima wa mteremkoni, nami naona anaonewa. Chanzo cha kubanwa huko ni cha zamani: wamisionari wawili waliuawa Akeri, mteremkoni mwa Meru, mwaka 1896, na Wajerumani, watawala wa wakati huo, wakaja kulipiza kisasi kwa bunduki. Baadaye wakagawa ardhi ya chini kwa walowezi, wakiwemo Makaburu kutoka Afrika Kusini, na huku juu wakaweka mpaka wa hifadhi ya msitu. Waingereza wakaurithi mpango huo. Mmeru akabaki katikati: chini mlowezi, juu bwana misitu. Watu wakaongezeka, kihamba, yaani shamba la nyumbani, kikagawanywa kwa wana, tena na tena, na miti ya asili iliyokuwa imesalia mashambani ikaishia kuwa kuni na mbao. Mwaka 1951 familia za Wameru zikafukuzwa Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata Mmeru mwenzao, Kirilo Japhet, akalifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa, New York. Tunaikumbuka kesi hiyo kama siasa ya uhuru tu, ilhali watu walioporwa tambarare hawakuwa na pengine pa kutazama isipokuwa mlimani.

Mashamba ya miti ya serikali yalikua kwa jasho la watu haohao. Mkulima hupewa kipande kilichokwisha kuvunwa, akalima viazi, karoti na kabichi, na katikati ya matuta yake akapalilia miche ya serikali. Baada ya miaka michache kivuli hufunga, viazi vikagoma, naye akahamia kipande kingine. Saipresi, miti mingine iliyopandwa kwenye mashamba hayo, zilistawi mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980, vidukari vilipoingia nchini na kuzikausha zikiwa zimesimama. Ukitegemea mti mmoja wa kigeni, mdudu mmoja anatosha.

Msitu wa asili ulipata ulinzi kwa hatua. Hifadhi ya Ngurdoto ilianzishwa mwaka 1960, Mlima Meru ukaongezwa mwaka 1967, na baadaye hifadhi ya msitu ikaunganishwa nayo. Sasa inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na ina kilomita za mraba 552.

Ila miti iliyorudi karibu zaidi na watu ni ile ya vihambani, ambayo hakuna askari anayeilinda. Mgrevilea, mti wa asili ya Australia, huipa kahawa kivuli. Matawi yake hupunguzwa yakawa kuni, na shina likikomaa hupasuliwa mbao. Anayeezeka nyumba Usa River leo, huenda kenchi zake zimetoka kwa jirani.